Friza ya Mama Yako na Kaunta Unayoiendea

Kabula mwanangu,

Umekwenda Mabatini kumuaga shangazi yako, na mama yako yuko jikoni anakukaangia dagaa wa kula njiani. Karakana nimeifunga mapema leo. Habari za begi, za chumba cha kupanga, za kutomfungulia mlango mtu usiyemjua, mama yako ameshakuambia tangu juzi na sina la kuongeza. Mimi nataka kukuandikia habari ya friza.

Unaijua kwa vipande tu. Ilipotokea ulikuwa bweni, na uliporudi likizo tulikuwa tunanyamaza ukiingia. Uliikuta friza imesogezwa kwenye kona ya nyuma, ndani tumeweka mahindi, ukauliza imekuwaje, mama yako akajibu imeharibika, basi. Ni kweli iliharibika. Lakini kesho unapanda basi la Kahama, na baada ya siku chache utakuwa umesimama kwenye duka la vyombo vya umeme, na sitaki usimame pale ukiwa na vipande.

Siku ulipoleta habari ya kazi, mama yako alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Mimi nilikuuliza utafanya nini huko dukani. Ukasema kwa furaha, "Wamenipa upande wa friji na friza, baba." Nikaondoka nikaenda kukaa kwenye mbao. Asubuhi yake uliniambia nimekuvunja moyo, nikakunyamazia. Sikukasirika, Kabula. Nilikosa tu pa kuanzia, na hata sasa naanza kwa shida.

Kabla ya friza, mama yako alikuwa anakaanga samaki pale barabarani Igoma. Samaki ni biashara ya kukimbizana na jua. Asipouza leo, kesho anauza kwa huruma za watu, na keshokutwa anatupa. Aliyekuwa anamletea sato ni Mama Bahati wa Kamanga. Wewe unamkumbuka, yule aliyekuwa akifika anakuita "mchumba" na kukubeba mgongoni hata ulipokuwa mkubwa wa kwenda shule. Hawakuwa watu wa biashara tu. Walikua pamoja Sengerema, walipata kipaimara siku moja, na mumewe Mama Bahati ana mtumbwi. Basi Mama Bahati anavuka na kivuko asubuhi na ndoo zake, anamkuta mama yako, wanakunywa chai, wanacheka, samaki wanakaangwa.

Wao wawili ndio waliowaza friza. Waliiwaza muda mrefu sana. Mama yako aliweka kwenye kikundi cha upatu, mimi nikaongezea nilichopata kwenye milango ya mninga ya nyumba moja ya padri, tukaenda mjini kwenye duka kubwa ambalo kila mtu hapa anasema ndilo la vitu halisi. Hatukutaka vya bei rahisi. Kumbuka hilo, maana baadaye watu walituambia, "Mlinunua vya bei rahisi," na haikuwa hivyo.

Kijana aliyetuuzia alikuwa na adabu. Alituamkia, akatuletea viti, akafungua na kufunga ule mfuniko kama mtu anayeonyesha nyumba yake. Akasema, "Waranti mwaka mzima. Ikiwasumbua, sisi tupo." Tulirudi na friza juu ya guta, mama yako akiishikilia kwa mkono mmoja njia nzima utadhani ni mgonjwa. Wanaume wanne wakaiingiza ndani. Akaifunika kitenge chake kipya, kile cha rangi ya chungwa. Jioni ile majirani walikuja kuomba barafu, akawagawia bure, na usingizi ulipokuja alilala na mlango wa sebule wazi ili aisikie ikinguruma.

Miezi ya kwanza ilikuwa mizuri. Sikufichi, ilikuwa miezi mizuri kuliko yote niliyoishi na mama yako. Mama Bahati alileta samaki wengi bila hofu, wenye hoteli ndogo wakaanza kuja wenyewe mlangoni, na mama yako akaanza kusema maneno kama "mwakani" na "Kabula akienda chuo". Zamani alikuwa hasemi hivyo. Alikuwa mtu wa leo.

Kisha ikaanza kutopumzika. Friza iliyo nzima inanguruma, halafu inanyamaza kidogo, halafu inaanza tena. Hii ikawa hainyamazi. Ukiweka mkono pembeni ilikuwa na joto, na samaki wa chini wakawa laini wakati wa juu ni mawe. Mama yako alikwenda dukani. Waranti ilikuwa bado, Kabula, tena kwa miezi mingi. Akamwambia yule kijana, "Haipumziki, na wa chini hawagandi."

Kijana akacheka kwa upole. "Mama, huo ni umeme wa Igoma. Unapanda na kushuka. Nunua stabilaiza, utalala usingizi." Akamuuzia stabilaiza papo hapo.

Haikubadilisha kitu. Mara ya pili nilikwenda naye mwenyewe. Kijana akanipa shikamoo, akatusikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Fundi wetu yuko likizo kwao Bukoba. Baada ya sikukuu nitamtuma nyumbani kwenu. Msiwe na wasiwasi, jina la mama ninalo kichwani."

Nikamwuliza, "Hutaandika mahali?"

"Mzee, mimi wateja wangu nawajua."

Na sisi tukafurahi. Hapo ndipo pananiuma mpaka leo. Tulitoka pale tumefurahi kwamba kijana wa duka kubwa namna ile anatukumbuka kwa jina. Mama yako alisema njiani, "Angekuwa mwingine angetufukuza." Mimi ni seremala, mtu akija kuagiza kitanda namwandikia kipande cha karatasi, futi ngapi, mbao gani, siku gani. Lakini pale nilinunua tabasamu nikaenda nalo nyumbani.

Fundi hakuja. Tulipiga simu, tukaambiwa kesho, tukaambiwa wiki ijayo. Halafu mvua zikaanza, hali ya hewa ikapoa, na friza nayo ikatulia kidogo. Ikawa inapumzika. Mama yako akasema labda ilikuwa joto tu. Tukaacha kupiga simu. Mwaka ukaisha hivyohivyo. Siku waranti inapokufa hakuna anayegonga hodi kukupa taarifa.

Jua liliporudi, nayo ikarudia. Lakini wakati huo Mama Bahati alikuwa ameleta samaki wa siku kadhaa mfululizo, kwa sababu kulikuwa na harusi ya kanisani na mwenye shughuli alitaka wote kwa pamoja. Ilikuwa imejaa mpaka mfuniko unakaliwa ndipo ufungike. Jumapili asubuhi mama yako anajiandaa kwenda misa, akakanyaga maji sebuleni. Aliniita jina langu, si Baba Kabula, jina langu kabisa, nikajua kuna jambo. Umeme ulikuwepo. Taa ya kijani kwenye friza ilikuwa inawaka vizuri tu. Ila ndani palikuwa pa moto.

Majirani walikuja. Tukakaanga, tukabanika, tukatia chumvi, lakini wale wa chini walikuwa wameshakwenda. Nilichimba shimo nyuma ya karakana nikawafukia, na juu nikamwaga magunia ya vumbi la mbao ili harufu isiende kwa watu. Mama yako hakulia. Aliosha sakafu, akaosha tena, akaosha tena.

Mama Bahati alifika kesho yake na ndoo tupu, akijua anakuja kuchukua fedha za harusi wagawane. Nataka ujue maneno waliyosemezana, kwa sababu yalikuwa machache na nilikuwepo.

"Samaki wameshachukuliwa?" akauliza.

"Wameoza," mama yako akasema.

"Umeme ulikatika?"

"Haukukatika."

"Ila?"

"Imekufa tu yenyewe."

Mama Bahati akaitazama ile friza. Taa ya kijani ilikuwa bado inawaka. Akaitazama muda mrefu. "Mbona inawaka?" akasema, taratibu.

Mimi nikadakia, nikamwambia njoo nikuonyeshe nilipofukia. Akaniambia, "Acha, shemeji." Akachukua ndoo zake. Hakututukana, hakudai, hakurudi. Angetutukana tungejua pa kumfuata. Mama yako alivuka Kamanga mara mbili kumtafuta. Mara ya kwanza aliambiwa amekwenda shamba. Mara ya pili alimwona kwa mbali akiingia ndani na kufunga mlango. Watu waliolia pamoja makaburini walipozika mama zao, Kabula. Urafiki ukawa umekwisha, kwa sababu ya taa ndogo iliyokuwa inawaka juu ya mashine iliyokufa.

Nilimwita Fundi Deus, huyu wa hapa njia panda anayetengeneza friji. Akafungua nyuma, akasikiliza, akapima. Akasema, "Kompresa imekufa. Na hii haikufa jana, Baba Kabula. Hii ilikuwa inaumwa tangu ilipozaliwa." Maneno hayo niliyabeba kama dhahabu, nikaenda nayo dukani.

Yule kijana hakuwepo. Niliingizwa kwa meneja, mtu mtulivu, mwenye kusikiliza naye. Nikamweleza yote. Akaitazama risiti, akaniambia, "Mzee wangu, pole sana. Waranti imeisha."

"Imeisha majuzi tu. Na tulikuja kabla haijaisha. Mara mbili."

"Mlizungumza na nani?"

Nikamtaja yule kijana. Akasema amehamia Geita, hayuko nao tena. Akauliza kama nina maandishi. Sina. Akauliza kama friza imefunguliwa. Nikasema ndiyo, fundi ameifungua, ndipo tulipojua kompresa imekufa. Meneja akashusha pumzi kama mtu anayenionea huruma kwelikweli. "Sasa mzee, mmeifungua. Nitajuaje kama siyo huyo fundi wenu aliyeiharibu?"

Nilitaka kupiga meza. Niliona mikono yangu juu ya ile meza yake ya kioo, ina gundi kwenye kucha, nikaiondoa.

Mtu mwingine angeishia hapo. Mama yako alitaka tuishie hapo. Mimi niliambiwa na katibu wa kanisa kwamba mjini kuna ofisi inayotoa msaada wa kisheria bure, nikaenda. Nilimkuta mwanasheria binti, mdogo tu, labda amekuzidi wewe miaka michache. Alinisikiliza bila kutazama simu. Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia, na nataka wewe ulisikie kabla hujaanza kazi.

Alisema, "Mzee, waranti ni ahadi ya duka. Sheria ni kitu kingine. Sheria haifi siku ahadi ya duka inapokwisha. Mtu akinunua friza kwa ajili ya kugandisha samaki, muuzaji anatakiwa ampe friza inayogandisha samaki, na idumu muda ambao mtu mwenye akili timamu angetarajia. Kama ubovu ulikuwemo tangu mwanzo, duka bado lina la kujibu hata karatasi ikiwa imepita."

Nikamwambia, "Kwa hiyo nina haki."

"Unayo. Lakini ni wewe unayetakiwa kuthibitisha kwamba ubovu ulikuwemo."

Nilisikia "unayo". Hiyo nyingine iliingia ikatoka. Nilirudi Igoma siku ile najiona mrefu. Nilimweleza mama yako, nikamweleza kila aliyekuja kununua stuli. Nilikuwa na umri ule, Kabula, na ndiyo mara yangu ya kwanza mtu aliyesoma kuniambia kwamba nina kitu ambacho wenye duka hawawezi kuninyang'anya.

Tulianzia kwa afisa biashara. Akaita pande zote mbili, meneja akaja. Yakasemwa, yakarudiwa. Mwisho meneja akasema, kwa kuheshimu wateja, duka litatoa kompresa mpya, sisi tugharamie gesi na fundi. Afisa biashara akanitazama kama anayesema chukua. Nikaomba kutoka nje niongee na mke wangu.

Mama yako alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbi, miguu pamoja. Nikamweleza. Akasema, "Chukua, Baba Kabula."

"Nikichukua nitakuwa nimekubali kwamba kosa ni letu nusu."

"Na iwe letu nusu. Mimi nataka igandishe."

"Haki siyo ya kugawana."

Akanitazama. "Mimi sijaja kutafuta haki. Nimekuja kutafuta friza."

Nikarudi ndani nikakataa. Nilisema nataka friza mpya kamili, au twende mahakamani. Nilisema kwa sauti kubwa, na nadhani nilisema vizuri, maana karani aliacha kuandika akanitazama. Meneja akafunga faili lake. Hakutoa tena neno hilo la kompresa, siku ile wala siku nyingine.

Mpaka leo sijui kama nilikosea. Ningekuwa najua, ningekuandikia kwa mstari mmoja: mwanangu, ukipewa nusu, chukua. Siku nyingine naamka nina hakika nilikuwa mjinga. Siku nyingine naona kwamba ningechukua ile nusu, ningekuwa nimekubali kwamba mama yako alikuwa anasema uongo kuhusu zile safari mbili za dukani. Yote mawili yananiuma kwa zamu.

Mahakamani palikuwa na kuahirishwa. Hakimu yuko likizo, wakili wa duka ana kesi nyingine, shahidi hajafika. Kila tarehe nafunga karakana, navaa koti, nakwenda, narudi. Watu walikuja wakakuta kufuli, wakaenda kwa maseremala wengine, na mteja akishazoea njia nyingine hairudii ya kwako. Mama yako alirudi kukaanga samaki wachache, wa kununua kwa walanguzi, wa bei ya juu. Wewe ulikuwa unatuandikia ujumbe kwamba mnajiandaa na mitihani. Tulikuwa tunakujibu kwamba huku wote wazima.

Tegemeo langu lilikuwa Fundi Deus. Yeye ndiye aliyesikia ile kompresa, yeye ndiye aliyesema inaumwa tangu izaliwe. Siku moja kabla ya yeye kutoa ushahidi alikuja karakana, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Baba Kabula, kesho sitaweza."

"Unaumwa?"

"Siumwi." Akachezea funguo zake. "Mimi spea nanunua kwao. Gesi nanunua kwao. Kuna wakati wananikopesha. Nikisimama pale nikasema mashine zao ni mbovu, keshokutwa nitafanya kazi na nini?"

Nilitaka kumchukia ikanishinda. Ana watoto watano. Mpaka leo tunasalimiana, ila anapitia upande wa pili wa barabara.

Duka lilileta mtaalamu wao, na barua yenye mhuri kwamba kompresa iliungua kwa sababu ya umeme usio thabiti, na kwamba mashine ilikuwa imefunguliwa na mtu asiyetambulika. Mama yako alitoa ushahidi. Alieleza kila kitu kwa mpangilio, hata rangi ya shati la yule kijana. Wakili akamwuliza swali moja tu: "Mama, una kitu chochote kinachoonyesha kwamba ulifika dukani siku hizo?"

Mama yako akafikiri. "Nilinunua stabilaiza," akasema.

"Hiyo inaonyesha ulinunua stabilaiza," wakili akasema, akaketi.

Hukumu ilisomwa asubuhi moja ya kawaida. Tulishindwa. Baada ya pale nilimfuata hakimu kwenye korido, jambo ambalo najua halifai. Nikamwambia, "Mheshimiwa, mke wangu hasemi uongo." Hakimu hakunikaripia. Alisimama, akaniambia, "Mzee, mimi sikusema anadanganya. Nimesema hamkuthibitisha." Kisha akaenda zake. Yule binti mwanasheria akaniambia kuna nafasi ya kukata rufaa. Nilimtazama mama yako. Alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea getini.

Ndiyo yote, Kabula. Barua yako ya chuo ilikuja wakati ule ambao hatukuwa na friza, hatukuwa na Mama Bahati, na karakana ilikuwa kufuli na vumbi. Nafasi ikapita. Hukulalamika hata siku moja, na kwa hilo ulituumiza kuliko kama ungelalamika.

Sasa nikuambie ninachokiona huko unakokwenda. Utafundishwa bidhaa, utafundishwa bei, utafundishwa kuamkia watu na kuwaletea viti. Utaifanya vizuri kwa sababu una sura ya mama yako na watu watakuamini. Halafu siku moja ataingia mtu aliyebeba risiti iliyofifia, ana jasho, amefanya mazoezi ya maneno yake njia nzima. Atakueleza. Na wewe utajua kwamba anasema kweli, kwa sababu mashine za aina ile zitakuwa zimesharudi nyingine. Nawe utamwambia, "Pole sana. Waranti imeisha."

Mara ya kwanza hutalala. Mara ya tano utaisema huku unafikiria chakula cha mchana. Sikusemi vibaya. Yule kijana wetu hakuwa mwovu. Nimemfikiria mara nyingi kuliko ninavyowafikiria ndugu zangu. Nadhani alitupenda kweli, na nadhani aliambiwa na mtu aliye juu yake kwamba mafundi hawatumwi Igoma kwa ajili ya mama mmoja muuza samaki. Akachagua neno zuri badala ya neno la kweli. Neno la kweli, "Mama, hawa hawatakuja, andika barua, gonga mhuri, ondoka na nakala," lingetuokoa. Ila yeye lingemfukuzisha kazi.

Nilikaa nikidhani nitakuandikia kwamba wewe uliseme hilo neno. Ningependa sana kukuandikia hivyo. Lakini nimeiona nyumba yetu. Mama yako ana mguu unaovimba, mimi kazi zinakuja moja moja, na kodi ya ile fremu ya karakana tutaanza kuilipa kwa mshahara wako, hilo umeshaahidi na sisi tumeshakubali. Nitakuambiaje ufanye jambo litakalokurudisha hapa na begi? Na nikikuambia usilifanye, nitakuwa nimekaa upande gani? Nimekata mbao maisha yangu yote, najua pa kupitisha msumeno. Hapa sipaoni.

Kama utapata namna, ndogo, ya kuwaandikia watu mstari mmoja wanapokuja kulalamika mapema, waandikie. Kama utaona macho ya meneja wako yako juu yako, usiandike. Siwezi kukuambia zaidi ya hapo, na najua ni kidogo.

Sitegemei kwamba duka lako litakuwa tofauti. Sitegemei Mama Bahati avuke tena. Nilipokuwa kijana nilidhani mtu akisema kweli na akaisema mara nyingi, mwisho itasikika. Sasa nina miaka hii na sidhani hivyo, na sioni sababu ya kukudanganya siku ya mwisho unayolala chini ya paa langu.

Mama yako ameuliza naandika nini muda wote huu. Nimemwambia ni vipimo vya kabati la mtu. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, uisome ukishapita Shinyanga, usiisome mbele yake.

Kesho stendi sitasema mengi, unanijua. Nitapandisha begi, nitakupa mkono. Lakini ukija Krismasi, mwanangu, usinifiche. Mama yako mwambie habari za Kahama, za rafiki zako, za kanisa. Mimi njoo karakana, kaa kwenye mbao, uniambie umewaambia nini watu. Hata kama ni yaleyale. Sitakulaumu, wala sitakuwa na dawa. Nitataka tu kuwajua ni akina nani, na walijibu nini, na walitoka mlangoni wakielekea wapi.

Baba yako,
Masanja